Marigodi imetoa rangi ya tope: kutafuta kosa unapotia rangi ya maua kwenye ukindu na pamba

Vuli iliyopita nilitia rangi vichopa viwili vya ukindu, majani ya mkindu tunayosukia mikeka, kwa siku moja, kwa maua niliyoyachuma asubuhi moja kwenye kitalu kimoja. Kichopa cha kwanza kilitoka manjano ya kiini cha yai. Cha pili kilitoka rangi ya tope la mkokoni, kijani kilichochanganyika na kijivu, na hata ukikisuuza mara kumi haking'ai. Aliyepika ni mimi mwenyewe na shabu ilitoka kwenye mfuko mmoja. Nikaanza kuyalaumu maua: labda yale ya chini ya kapu yalinyauka. Shangazi yangu alikuwa barazani anachana miyaa. Akaniuliza bila kuinua uso:

"Maji umeteka wapi?"

"Ya kwanza ya bomba, shangazi. Ya pili nimekinga mvua, kwenye debe lile la nyuma."

"Mwanangu, debe lile lina kutu mpaka limetoboka."

Ndiyo ilikuwa habari yote. Kutu ni chuma, na chuma kikikutana na rangi ya manjano ya maua huigeuza tope. Maua yangu hayakuwa na kosa lolote. Tangu siku hiyo nikiona rangi imekwenda kombo nawaambia wenzangu tulifuate kosa kwa mpangilio: nyuzi, maji na chombo, shabu, halafu ndipo tumguse mwenyewe ua. Tunaloona kwa macho ni ua, kwa hiyo tunalishika la kwanza, na mara nyingi ndilo lenye hatia ndogo kuliko wote.

Nitaandika hapa matatizo ninayoulizwa sana hapa Pemba, na yale yaliyonitesa mwenyewe.

Vipimo vya kuanzia

Huwezi kusema dawa imekataa kama hujui umekunywa dozi gani. Vipimo vyangu kwa gramu 100 za uzi wa pamba au ukindu mkavu ni hivi. Nachemsha kwa maji mengi yenye kijiko cha chai cha magadi yaliyosagwa, saa nzima, kisha nasuuza. Nalaza usiku mmoja kwenye maji ya majani makavu ya mkungu, au maganda ya komamanga, yaliyochemshwa na kuchujwa. Asubuhi nakamua, natia kwenye maji ya moto yaliyoyeyushiwa gramu 15 za shabu, naacha mpaka jioni. Halafu maua: gramu 300 za marigodi mabichi, au 100 yakiwa makavu, nimeshayachemsha polepole na kuyachuja. Uzi unaingia humo ukiwa umelowa, unakaa juu ya moto mdogo kiasi cha saa moja, na unalala humo humo mpaka maji yapoe.

Shabu ni ile ile ya vinyozi, mawe meupe kama barafu, na wauza viungo na dawa za asili wanayo. Kazi yake ni kushikanisha: huku inashika nyuzi, huku inashika rangi. Maji ya mkungu yana ukakasi, ule unaokukausha ulimi ukitafuna pera bichi, na ukakasi ndio unaoifanya pamba iikubali shabu. Hatua hii watu huiruka sana. Maelezo mengi yanayozunguka kutoka Ulaya na Marekani yanazungumzia sufu, na sufu, kwa kuwa ni manyoya ya mnyama, huishika shabu bila msaada. Ukiyafuata maelezo hayo kwenye uzi wa pamba utapata rangi ya chai iliyozidishwa maji.

Wazee wetu ukakasi waliupata kwenye magome ya mkoko, na nyavu na matanga yaliyotiwa humo yalitoka damu ya mzee kabisa. Siku hizi mikoko inalindwa, na inastahili kulindwa. Majani ya mkungu yanaanguka yenyewe, mekundu mekundu, hakuna wa kukuuliza.

Halafu kipimo cha kumkamata mkosaji, ambacho natamani ningekijua mapema. Rangi ikikataa, chukua kipande cha uzi ule ule, uliopita kwenye magadi, ukakasi na shabu ile ile, ukichemshe na maganda makavu ya vitunguu maji. Maganda ya vitunguu hayana ugumu. Yanatoa manjano ya chungwa iliyokolea karibu kila mara. Yakishika vizuri, nyuzi zako na shabu yako hazina neno, mtafute ua. Na yenyewe yakitoka hafifu au yakitoka tope, usipoteze muda kuchuma maua mengine. Kosa liko nyuma huko.

Rangi haikukolea, au haikushika kabisa

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kijana mmoja aliniletea fulana nyeupe akanihakikishia ni pamba tupu. Na kweli ilikuwa pamba, ikatoka manjano nzuri, ila mishono yote ilibaki myeupe kama meno: shingoni, mabegani, kwenye upindo wa chini. Uzi wa kushonea ulikuwa wa polista, na polista haili rangi ya ua hata uichemshe mpaka kesho. Yeye aliipenda hivyo hivyo. Lakini mwenye kutaka kanzu au shuka la rangi moja atalia. Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Polista inajikunja, inadondoka, na inaacha kijiwe kigumu cheusi. Kanga na leso fulani za bei rahisi zina mchanganyiko, na hizo zitakuchukulia nusu ya rangi.

Kama kitambaa ni pamba kweli, dondosha tone la maji juu yake kikiwa kikavu. Tone likisimama juu kama umande kwenye jani la mjimbi, bado kina nta na wanga wa kiwandani. Kirudishe kwenye magadi. Marekani mpya, ile pamba ghafi isiyotiwa rangi, ambayo haijafuliwa hata mara moja, mimi naichemsha mara mbili, na maji ya mara ya kwanza hutoka rangi ya chai bila kuwa na ua lolote ndani. Mtu akiyaona hayo haulizi tena kwa nini nasisitiza kuosha.

Ukindu una mambo yake. Ngozi ya jani imetengenezwa kuzuia maji, kwa hiyo rangi inakaa juu juu na ukiukunja unaona ndani mweupe. Dawa ni kuuchemsha na magadi au maji ya majivu yaliyochujwa mpaka ulainike, na kuuchana kabla ya kutia rangi, usitie rangi majani mazima. Tena uangalie ulikatwa lini. Ukindu wa kuti changa ambalo bado limefumba, ukaanikwa mpaka ukawa mweupe, unapokea rangi safi. Ulioachwa ukafunguka na kuwa kijani utakupa manjano iliyochafuka, na hakuna shabu ya kuondoa ukijani ule. Miyaa inakwenda njia hiyo hiyo, ila ni migumu zaidi na inataka muda mrefu motoni.

Jambo la tatu ni uchache wa maua. Konzi mbili za petali ndani ya sufuria kubwa zinayapaka maji rangi ya kupendeza sana, lakini rangi ya maji haikuambii lolote kuhusu rangi ya uzi. Pima kwa mizani. Kama huna mizani, basi maua mabichi yawe mlima ukilinganisha na uzi, si kiganja.

Na mwisho, kuna maua ambayo hayana la kukupa. Nitayarudia kwenye jua, maana huko ndiko yanakoumbuka.

Rangi imefubaa, au imekuwa kijani cha tope

Hili ndilo lililonipata mimi. Chuma kinaingia kwenye sufuria kwa njia nyingi: debe la kutu, mfereji wa bati chakavu unaokinga mvua, bomba la zamani, kijiko cha kukorogea, hata pini iliyosahaulika kwenye kitambaa. Kiasi kidogo tu kinatosha. Kujua kama maji yako yana chuma, pika chai ya rangi nzito isiyo na sukari, igawe vikombe viwili sawa. Kimoja ongeza maji unayotaka kutumia, kingine maji ya chupa, kiasi kile kile. Kile cha kwanza kikigeuka cheusi cheusi kama umetia wino, maji hayo yana chuma. Usiitie ndimu, itakuharibia jibu kwa kuipausha chai.

Chokaa ni jambo jingine, na watu wanavichanganya. Sehemu nyingi za Unguja, na pwani nyingi za Pemba, ziko juu ya mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji ya visima yana chokaa: sabuni haitoi povu, na birika linashika magamba meupe ndani. Chokaa haimdhuru sana marigodi. Wakati mwingine hata naona manjano yake inazidi kuiva. Madhara yake yako kwenye sabuni, ambayo inagandamana na chokaa na kuacha utando kwenye uzi, na utando huo unakuja kuwa mabaka. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye ndoo ya plastiki ndiyo ninayoyaamini.

Kama maji ni safi na rangi bado imefubaa, tazama moto. Maua si maharage. Yakitokota kwa nguvu yanatoa na yale yaliyomo kwenye vikonyo na majani, na manjano inakwenda kwenye hudhurungi. Moto unaotakiwa ni ule ambao mvuke unapanda, vipovu vidogo vinashika pembeni mwa sufuria, lakini maji hayarukiruki. Kwenye jiko la mkaa hii maana yake ni kuutoa nusu ya mkaa, jambo ambalo hakuna anayependa kulifanya akiwa na haraka. Nami pia nayanyofoa maua yakiwa petali tupu nikitaka rangi safi. Nikitaka iliyotulia natia vichwa vizima.

Kuhusu sufuria: za aluminiamu tunazopikia haziharibu manjano, lakini usichemshe magadi ndani yake kwa muda mrefu. Magadi yanaila aluminiamu, inakuwa nyeusi na kuchimbika. Tumia stili, au enameli isiyobanduka. Na sufuria ya rangi ibaki ya rangi. Shabu kidogo haiui mtu, ila sijaona sababu ya kuipikia wali. Kuna pia wanaoshauri mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, ili kijani kitulie. Mrututu ni sumu, kwako na kwa samaki wa mfereji unakomwaga maji. Mimi siuingizi nyumbani.

Rangi ilikuwa nzuri, nimeifua ikageuka

Kila aliyewahi kufua kanzu iliyodondokewa mchuzi anaijua hii. Doa la manjano liko pale kwa unyenyekevu, unalipaka sabuni ya mche, ghafla linakuwa jekundu kama umechinja kuku. Ukisuuza linarudi manjano. Manjano ya dukani, bizari yenyewe, haivumilii magadi wala sabuni kali: inakwenda nyekundu ya matofali. Ukitia ndimu inarejea. Kwa hiyo kitambaa cha bizari kilichogeuka hakijaharibika, kiloweke kwenye maji yenye ndimu au siki kidogo kisha usuuze.

Choya na haibiskasi wanacheza mchezo huo huo kwa ukali zaidi. Kwenye ndimu ni wekundu wa sharubati. Kwenye maji ya chokaa wanakuwa zambarau, halafu kijivu. Kwenye magadi wanakwenda kijani chafu. Yule mtambaa mwenye ua la buluu na maganda kama ya kunde, unaoparamia nyua za watu, maji yake ni buluu ya ajabu, na tone moja la ndimu linayafanya urujuani mbele ya macho yako. Watoto wanapenda sana kuliona hilo. Lakini rangi inayobadilika kwa tone la ndimu itabadilika pia kwa jasho, kwa sabuni, kwa maji ya kisima cha jirani. Ukitaka kuitumia, itumie kwenye kitu kisichofuliwa.

Kosmosi ya rangi ya chungwa inageuka kwa magadi pia, inakwenda kwenye nyekundu ya machungwa, na hapo mabadiliko ni faida. Mimi naitia magadi punje chache mwishoni kwa makusudi. Sabuni ya kufulia vitu vyote vya maua iwe ya maji na laini, ile isiyokwangua mikono.

Mabaka

Sitakaa sana hapa, maana sababu zake ni za mkono. Uzi uliingia mkavu, au sufuria ilijaa ukashindwa kugeuka, au petali ziligandama juu ya kitambaa, au shabu hukuiyeyusha mpaka ikaisha na kijiwe kikatua sehemu moja. Lowesha kwanza, chuja maua, tumia sufuria kubwa kuliko unavyodhani inatosha, na uwe unageuza. Ukindu ufungwe kichopa kilegevu. Ukiukaza kwa kamba, pale kwenye kamba patabaki peupe, na hilo utaliona siku unaposuka ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, na mstari mweupe unakutokea katikati ya rangi bila kuualika.

Mabaka yakishatokea kuyafuta huwezi. Unaweza kuyafunika kwa kurudia shabu na rangi iliyokolea zaidi.

Rangi inatoka kila nikifua, inapaka mikono

Hapa ndipo ninapobishana na nusu ya mtaa. Rangi ikitoka, ushauri wa kwanza utakaosikia ni "tia chumvi na siki, itashika." Ushauri huo una asili yake. Rangi za pakiti zinazouzwa madukani, zile tunazochemshia ukindu wa mikeka miaka yote, nyingi zinafaidika kweli na chumvi kwenye maji. Mama zetu hawakukosea. Lakini rangi ya ua si rangi ya pakiti. Chumvi haiifungi, na siki haiifungi. Kinachoifunga ni shabu, na shabu lazima iwe imeingia kwenye uzi kabla, ama angalau pamoja na rangi. Ukiisha kutoa kitambaa na rangi inamwagika, kukiloweka kwenye chumvi ni kukipa kachumbari.

Kwa hiyo ikitoka sana: uliruka ukakasi, au shabu ilikuwa ndogo, au hukusuuza. Hili la mwisho ni la kawaida kuliko watu wanavyofikiri. Daima kuna rangi iliyokaa juu bila kushika popote, na lazima iondoke. Acha kitambaa kipoe ndani ya maji yake, kikaushe kivulini siku mbili tatu kabla ya kukisuuza mara ya kwanza, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Ikitoka mara mbili halafu ikaacha, ilikuwa ziada. Ikiendelea mpaka mara ya sita na kitambaa kinazidi kupauka, haikushika; rudia kuanzia ukakasi.

Na mzingifuri, kwa kuwa watu wengi wanao uani. Malalamiko yake ni kinyume: "Nimechemsha mbegu, mbegu bado nyekundu, maji hafifu." Rangi ya mzingifuri haipendi maji matupu. Inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inapaka vidole na midomo vizuri, na inayeyuka kwenye maji yenye magadi. Tia kijiko cha magadi, uone maji yanavyogeuka chungwa zito papo hapo. Ukishamaliza kutia rangi, suuza na maji yenye ndimu kidogo.

Hina nayo ni majani, si maua, na inapenda mwili, nywele, sufu na hariri. Kwenye pamba inatoa kahawia ya unyonge. Usijione umekosea.

Jua limeila

Mtu ameshona msala mzuri, ameuanika barazani, wiki tatu upande wa jua umekuwa rangi ya makuti. Baadhi ya maua hayana uwezo wa kukaa juani, na hakuna shabu wala mkungu utakaoyapa uwezo huo. Bizari inaongoza kwa kupauka: inashika haraka, inang'aa kuliko zote, na jua linaila kwa siku chache tu. Choya, haibiskasi na yule mtambaa wa buluu hawako mbali nayo. Bugainvilea, yale majani mekundu na zambarau yanayofunika kuta za hoteli, ndiyo danganya toto kubwa kuliko yote. Rangi yake inakufa kwenye moto. Unachemsha zambarau, unatoa kitu kinachofanana na maji ya kuoshea mchele.

Na haya tunayoyapenda kuliko yote, asumini, waridi, kilua, tunayoyafunga vikuba na kuyasagia singo, hayana rangi ya kukupa. Yana harufu. Bibi harusi ananukia asumini, hajawahi kutoka wa asumini.

Ninayoyaamini juani ni marigodi, kosmosi ya chungwa, maganda ya vitunguu kwa kiasi, na majani ya mkungu. Hata hayo yanatulia kidogo mwaka wa kwanza. Usiniamini mimi, pima: chukua ukanda wa ukindu uliotiwa rangi, nusu uifunike kwa kadibodi iliyobanwa vizuri, uuweke dirishani panapopata jua la asubuhi. Baada ya wiki mbili ondoa kadibodi. Kama huoni mpaka kati ya nusu mbili, suka mkeka. Kama unauona, tumia rangi hiyo kwa vitu vya ndani: mfuko wa msahafu, pazia la chumba cha kivuli, mkoba wa usiku.

Kuanika pia kuwe kivulini, penye upepo. Watu wanaanika juani ili ikauke upesi, na hivyo wanampa jua kianzio.

Buluu usiitafute kwenye maua. Inayodumu ni nili, na nili hutoka kwenye majani, kwa kuchachusha, na ufundi wake ni mwingine kabisa.

Ukungu, na ukindu unaovunjika

Masika ndiyo adui. Ukindu uliotiwa rangi ukawekwa kabla haujakauka hadi ndani, wiki moja unaota vidoti vyeusi ambavyo haviondoki, maana ukungu nao unatia rangi yake. Wakati wa masika mimi sitii rangi zaidi ya ninachoweza kukausha siku mbili, na naning'iniza juu jikoni ambako moto unasaidia. Ukiuona ukungu mapema, ufute kwa kitambaa chenye siki, anika penye upepo.

Ukindu unaovunjika unapousuka umechemshwa kupita kiasi, au umekauka juani mpaka ukawa kama vijiti. Unyunyizie maji, uufunge kwenye kitambaa chenye unyevu usiku mmoja. Ukiendelea kuvunjika na una rangi nzito ya kijivu, basi chuma kimezidi. Chuma kikiwa kingi kinaila nyuzi pole pole. Uzi unakatika wenyewe miezi baadaye.

Lakini chuma kwa kipimo ni rafiki, na hapa narudi kwenye kile kichopa changu cha tope. Sikukitupa. Wifi yangu alikichukua, akakisukia kwenye ukili wa mikoba, safu moja ya tope kati ya mbili za manjano, na ikaonekana kama tumekusudia. Mnunuzi akataka mingine sita, rangi ile ile. Debe lenyewe nilikuwa nimeshampa muuza chuma chakavu.

Nikalazimika kujifunza kuifanya tope kwa makusudi. Misumari yenye kutu konzi moja, siki kikombe kimoja, maji vikombe viwili, ndani ya chupa ya plastiki isiyofungwa kwa nguvu, wiki mbili mpaka maji yawe rangi ya chai ya tangawizi. Ukindu ukiwa umeshatoka manjano, uuingize kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye kijiko kimoja tu cha maji hayo ya misumari. Usiondoke. Kaa uangalie, utageuka ndani ya dakika chache. Ukiona umefika unapotaka, utoe, usuuze vizuri. Ukitaka iwe nzito zaidi ongeza kijiko cha pili, na usivuke cha tatu kwa kichopa kimoja. Mikoba minne ya kwanza ilitoka sawa na ule wa wifi. Miwili iliyobaki ilikolea zaidi kidogo kwa sababu niliitwa mlangoni.